Kaburi la Tokugawa Ieyasu huko Nikko: Fahari ya Njia na Ukimya wa Kaburi

Mwaka 1616, Tokugawa Ieyasu alipokuwa mgonjwa mjini Sunpu, aliwaita washauri wake wa karibu na kuwaachia wasia. Mtawa Suden, aliyekuwa mmoja wao, aliuhifadhi kwa maandishi: mwili uzikwe katika mlima wa Kuno, ibada ya mazishi ifanyike katika hekalu la Zojo-ji mjini Edo, kibao cha jina lake kiwekwe Daiju-ji, katika jimbo la Mikawa alikozaliwa, na mwaka mmoja ukishapita, kijengwe kijumba kidogo cha ibada huko Nikko, naye awe mlinzi wa majimbo manane ya Kanto. Neno la kuzingatia katika wasia huo ni "kidogo". Kilichopo Nikko leo ni mkusanyiko wa majengo 55 yenye nakshi za kuchonga zaidi ya 5,000. Insha hii inauchunguza umbali uliopo baina ya kijumba kilichousiwa na majengo hayo. Hoja yake ni kwamba umbali huo hauelezeki kwa mapenzi ya mjukuu kwa babu yake pekee. Usanifu wa Nikko uliwalenga walio hai, waliotakiwa kuipanda njia ile; ndiyo maana fahari yote imewekwa njiani na kaburi lenyewe likaachwa kimya.

Istilahi yenyewe inaleta tatizo ambalo si la lugha tu. Toshogu, kama mahali hapo panavyoitwa, si kaburi peke yake wala si hekalu peke yake. Neno "mzimu", kwa maana ya mahali panapopelekwa sadaka kwa roho za waliotangulia, lingeweza kukaribia, ila mzimu hauhitaji hati ya mfalme, na Ieyasu aliihitaji. Kwa hiyo ninatumia "kaburi-hekalu", nikikiri kwamba ni neno la kuunga.

Haja ya hati hiyo ilizua mvutano mara tu baada ya kifo. Suden, pamoja na kuhani Bonshun aliyesimamia maziko ya Kuno, walitaka marehemu apewe cheo cha kiungu cha Daimyojin. Mtawa Tenkai, wa madhehebu ya Tendai, alipinga na kudai cheo cha Gongen, kinachomaanisha buddha aliyejidhihirisha kwa umbo la mungu wa nchi. Hoja iliyobaki katika kumbukumbu ni fupi na kali: Toyotomi Hideyoshi alifanywa Toyokuni Daimyojin mwaka 1599, na tazameni yaliyoipata nyumba yake. Ngome ya Osaka ilikuwa imeanguka mwaka 1615, nasaba ya Toyotomi ikafutika, na patakatifu pake mjini Kyoto pakafungwa kwa amri ya Ieyasu mwenyewe. Tenkai alishinda. Mwaka 1617 kasri la mfalme lilitoa cheo cha Tosho Daigongen, na msafara ukatoka Kuno kuelekea Nikko. Hivyo, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kaburi-hekalu hili lilikuwa tayari ni jibu kwa kaburi-hekalu la adui.

Jengo la kwanza, la shogun wa pili Hidetada, halikudumu. Iemitsu, shogun wa tatu, alilijenga upya kati ya 1634 na 1636, chini ya fundi mkuu Kora Munehiro. Hesabu iliyowasilishwa mwaka 1642 na msimamizi wa ujenzi, Akimoto Yasutomo, inataja ryo 568,000 za dhahabu, mbali na fedha na mchele. Wafanyakazi wakihesabiwa siku kwa siku wanafikia takriban milioni 4.54. Wapo wanaosisitiza uchaji wa Iemitsu, nao wana ushahidi: alimwota babu yake mara kwa mara na kumwagiza mchoraji Kano Tan'yu aichore sura aliyoiona ndotoni, na katika hirizi zake alijiita Gongen wa pili. Sioni sababu ya kuukana uchaji huo. Lakini Ieyasu aliupata ushogun baada ya kushinda vita vya Sekigahara, Iemitsu aliurithi. Mwaka 1635, ujenzi ukiendelea, aliwawekea mabwana wa majimbo sheria ya kuishi kwa zamu Edo. Nikko na sheria hiyo ni kazi za mkono mmoja na miaka ileile.

Tuifuate njia yenyewe. Msafiri huanza kwa barabara ya miberoshi yenye urefu wa zaidi ya kilomita 35, iliyopandwa kwa miaka ishirini na zaidi na Matsudaira Masatsuna na kutolewa wakfu mwaka 1648. Kisha lango la torii la mawe, lenye kimo cha takriban mita 9, lililotolewa mwaka 1618 na Kuroda Nagamasa. Mawe yake yalisafirishwa kutoka jimbo lake la Chikuzen, Kyushu, upande wa pili wa nchi. Zipo pia zawadi za nje: kengele ya mfalme wa Korea, na taa ya shaba ya Waholanzi ambayo nembo ya Tokugawa imewekwa juu chini. Mjumbe wa Korea alipelekwa Nikko mwaka 1636, majengo yakiwa mapya. Kila zawadi imesimama mahali ambapo anayepita hataikosa, na kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo kazi yake.

Lango la Yomeimon ndilo kilele cha njia. Nguzo zake zimepakwa weupe wa chokaa ya kombe, na michongo 508 ya mazimwi, wahenga na watoto wanaocheza imejaa chini ya mapaa. Moja ya nguzo zake kumi na mbili ina nakshi iliyopinduliwa makusudi, kwa imani kwamba kilichokamilika huanza kuporomoka. Ndani yake ukumbi wa ibada na nyumba ya mungu vimeunganishwa na chumba chenye sakafu ya chini zaidi, mtindo ambao baadaye ulichukua jina la gongen-zukuri kutokana na cheo cha Ieyasu, ingawa Kitano Tenmangu mjini Kyoto ulikwisha kujengwa hivyo mwaka 1607. Pembeni mwa ukumbi huo upande mmoja ni chumba cha shogun, upande wa pili ni cha mwanamfalme aliyeongoza watawa wa Nikko. Hivyo damu ya mfalme ilikalishwa sambamba na shogun mbele ya babu wa shogun.

Baada ya hapo mapambo yanakatika ghafla. Chini ya paka aliyelala, mchongo unaonasibishwa na Hidari Jingoro, njia inafika lango la Sakashita, ambalo zamani lilifunguliwa kwa ajili ya shogun peke yake, kisha ngazi 207 za mawe kati ya miti. Juu kuna mnara mdogo wa shaba wenye kimo cha mita 5 hivi, uliosimikwa mwaka 1683 baada ya tetemeko kuubomoa ule wa mawe. Hauna rangi wala zimwi. Msanifu Mjerumani Bruno Taut, aliyefika Japani mwaka 1933, aliidharau Nikko kwa wingi wa mapambo na kuisifu Katsura kwa usahili. Hukumu yake ni ya haki kwa malango, lakini haifai kwa mahali njia inapoishia.

Mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji iliamuru miungu itenganishwe na mabuddha, na Nikko ikagawanywa katika taasisi tatu, jambo lililovunja msingi wa hoja ya Tenkai. Swali la mwili nalo lipo. Kuno wana mnara wao wa mawe na wanashikilia kwamba Ieyasu hakuondoka. Nikko wanataja msafara wa 1617. Mashogun waliozikwa Zojo-ji walifukuliwa na kupimwa na wataalamu kati ya 1958 na 1960. Mnara wa shaba wa Nikko haujafunguliwa.