Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle na Kalasi Iliyojaa Watoto

Walimu wetu wengi wana neno moja la kunung'unikia. Wanasema: «Kalasi yangu ina watoto themanini, na vitabu ni vichache. Nitawafundishaje wote?» Tangu Septemba 2019, Serikali ya Kongo ilipotangaza kwamba masomo ya msingi katika shule zake hayatalipiwa tena na wazazi, watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani walikuja kusoma. Hilo ni jambo jema, tena ni haki yao. Lakini madawati hayakuongezeka kama watoto walivyoongezeka.

Swali la walimu hao si jipya. Leo napenda kuwasimulia habari za padri mmoja wa Ufaransa aliyepambana nalo zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Wengi wanajua jina lake kwa sababu limeandikwa mlangoni pa shule nyingi. Ni wachache wanaojua jinsi alivyofanya kazi ndani ya kalasi.

1. Tajiri na walimu maskini

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa katika mji wa Reims tarehe 30 Aprili 1651. Jamaa yake ilikuwa yenye mali na heshima. Mwaka 1667, alipokuwa hajatimiza bado miaka kumi na sita, alipewa cheo cha kanoni katika kanisa kuu la Reims, na cheo hicho kilikuwa na mapato yake. Mwaka 1678 alipata upadri. Hakufikiri bado juu ya shule za wavulana.

Mwaka 1679 alifika Reims mlei mmoja, jina lake Adrien Nyel, kufungua shule za bure kwa wavulana maskini. De La Salle alimsaidia kwa shauri. Shule zikafunguliwa, lakini Nyel hakupenda kukaa mahali pamoja. Alikwenda huku na huku kufungua shule nyingine. Walimu wakabaki bila kiongozi. Walikuwa watu wa elimu ndogo na ujira mdogo, nao walifundisha kila mmoja kwa namna yake.

De La Salle alitambua neno moja: shule haiwezi kuwa bora kupita mwalimu wake. Basi aliwakaribisha walimu wale mezani pake, na mwaka 1681 akawapa mahali pa kulala nyumbani mwake. Jamaa yake walikasirika. Waliona ni aibu kwamba kanoni akae pamoja na watu wasio na cheo. Mwaka 1682 aliiacha nyumba ya baba yake, akaenda kukaa na walimu katika nyumba ya kupanga.

Siku moja aliwaonya walimu wamtegemee Mungu, wasisumbuke kwa ajili ya kesho. Wao wakamjibu bila woga: maneno hayo ni rahisi kwake, kwa kuwa ana mali na cheo, shule zikianguka yeye atakula, bali wao watakwenda kuombaomba. De La Salle hakukasirika. Aliona wamesema kweli. Mwaka 1683 aliacha ukanoni wake. Baadaye njaa kali ilipoishika nchi, mali yake aliigawa kuwa mikate ya maskini. Tangu hapo hakuna mwalimu aliyeweza kumwambia tena neno lile.

Ndugu, tusilipite jambo hili upesi. Hapa kwetu wako walimu wengi wanaofundisha bila kuandikwa katika orodha ya mishahara ya Serikali. Mwalimu ana haki ya ujira wake, na mwenye kumnyima anakosa. Lakini mwenye kuwaongoza walimu, awe padri au direktere, akitaka kusikilizwa, kwanza ashiriki maisha yao.

2. Kufundisha wote pamoja

Katika shule ndogo za wakati ule, mwalimu alimwita mtoto mmoja mmoja mezani pake. Kila mtoto alileta kitabu alichokipata nyumbani. Huyu anaposoma, wengine wanangoja, wanacheza, wanapigana. Fanyeni hesabu: watoto sitini kwa saa tatu, kila mmoja anapata dakika tatu tu. Muda unaobaki unapotea bure.

De La Salle na walimu wake, walioitwa sasa Mafrera wa Shule za Kikristo, walibadili desturi hiyo. Waliwagawa watoto kwa ngazi kadiri ya walichokijua. Kwanza ubao wa herufi uliotundikwa ukutani, halafu ubao wa silabi, kisha kitabu cha silabi, kisha vitabu vingine kwa zamu, hata barua zilizoandikwa kwa mkono, kama zile za biashara na za baraza. Watoto wa ngazi moja walikuwa na kitabu kimoja. Mmoja anasoma kwa sauti, wenzake wanafuata kimya kwa macho. Mwalimu hakuwaita kwa mfuatano wa viti. Alimkatisha huyu, akamwita yule wa nyuma kabisa ghafula. Kwa hiyo kila mmoja alikaa tayari.

Na mtoto akikosea? Mwalimu hakupiga kelele. Alikuwa na kifaa kidogo cha mti chenye kutoa mlio. Akikiliza, msomaji alijua amekosa, akarudia neno mwenyewe. Akishindwa, mwalimu alimwonyesha mwenzake alitamke vizuri, halafu yule wa kwanza akalirudia. Mwalimu aliyesema kutwa nzima jioni hana sauti, na watoto wamekwisha kuzoea kelele zake. Mafrera waliona kwamba maneno machache yanasikiwa zaidi.

Tena waliwapa watoto kazi za kalasi. Mmoja aliongoza sala, mmoja alipiga kengele, wengine waligawa karatasi na kuzikusanya, wengine walifagia. Wakati wa chakula cha asubuhi mtoto mmoja alipita na kikapu. Wenye mkate wa ziada walitia humo, na mwalimu akawagawia wasio na kitu. Ndivyo walivyojifunza upendo kwa mikono, si kwa masikio tu.

3. Lugha ya mama

Desturi nyingine ilikuwa kuanza kusoma kwa Kilatini. De La Salle aliamuru watoto waanze kwa Kifaransa, lugha waliyoizungumza nyumbani, na Kilatini kifuate baadaye. Watu wakubwa walishangaa, hata askofu mmoja alimpinga. Yeye alieleza sababu zake kwa utaratibu. Mtoto maskini hakai shuleni miaka mingi. Mara tu anapopata nguvu, wazazi wanamtia kazini. Akiwa amesoma Kilatini tu, anaondoka na sauti asizozifahamu. Akisoma lugha yake, hata akikaa muda mfupi, anaondoka na kitu cha kumfaa maisha yake yote.

Je, neno hili halituhusu? Watoto wangapi wa vijiji vyetu wanaimba sentensi za Kifaransa ubaoni bila kujua maana? Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali kwamba lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha, pamoja na Kifaransa. Mtoto apandishwe kutoka lugha anayoijua mpaka ile asiyoijua. Ngazi haipandwi kwa kuanzia juu.

4. Mtoto asiyekuja

Mafrera waliandika desturi zao zote katika kitabu kiitwacho *Conduite des écoles*. De La Salle hakukitunga peke yake chumbani. Walikutana, wakashauriana, wakajaribu miaka mingi. Kiliandikwa kwa mkono mwaka 1706, nacho kilipigwa chapa Avignon mwaka 1720, yeye akiwa amekwisha kufa.

Katika kitabu hicho ninapenda zaidi mafundisho juu ya mtoto asiyekuja. Wanafunzi wachache waliwekwa, kila mmoja kwa mtaa wake, wawatembelee wenzao walioacha kuja na kuleta habari. Mwalimu alipaswa kutafuta sababu: je, ni uvivu wa mtoto? ni umaskini wa wazazi? au ni mwalimu mwenyewe, asiyejua kupendwa? Tena mwisho wa mwaka aliandika tabia ya kila mtoto, wema wake na kasoro zake, na namna ya kumwongoza, ili mwalimu wa mwaka ujao asianze gizani.

Juu ya adhabu, watu wa zamani zile walitumia fimbo, na Mafrera hawakuiacha kabisa. Lakini waliizungushia masharti mengi. Mwalimu asiadhibu akiwa na hasira. Adhabu iwe ya haki, ya kiasi, yenye kumfaa mtoto. Kalasi yenye adhabu nyingi ilikuwa ni alama ya mwalimu asiyejua kazi yake.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nilikuwa na mvulana aliyechelewa kila siku. Nilimpigisha magoti nje, kila siku. Juma moja hakuja tena, nami sikuuliza. Niliona heri, nafasi imepatikana kwenye dawati. Baada ya miezi mingi nilimkuta sokoni akisukuma kinga yenye magunia ya makala. Aliniamkia kwa heshima. Nikajua ndipo kwamba mama yake alikuwa mgonjwa, naye alipeleka makala mjini kila alfajiri kabla ya kuja shuleni. Alikuwa akikimbia ili asichelewe sana. Nilimwomba arudi. Alicheka kidogo, akasema: «Mwalimu, nimekuwa mkubwa sasa.» Hakurudi.

Ningalimtuma mtoto mmoja wa mtaa wake kuuliza, siku moja tu, ningalijua yote.

5. Mwisho wake

De La Salle aliteswa sana. Walimu wa mwandiko wa Paris, waliofundisha kwa malipo, walimshitaki barazani kwa kuwa alipokea bure hata watoto ambao wazazi wao waliweza kulipa. Vyombo vya shule vilichukuliwa, akatozwa faini. Alikufa Rouen, siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Mwaka 1725 Papa Benedikto XIII alithibitisha shirika lake. Leo XIII alimtangaza Mtakatifu mwaka 1900, na Pio XII alimweka kuwa msimamizi wa walimu wote tarehe 15 Mei 1950. Tangu mwaka 1909 Mafrera wake wamefanya kazi Kongo pia.

Walimu wapenzi, hamwezi kuongeza madawati kwa mikono yenu. Lakini kuna mambo manne yasiyohitaji franka. Wagawe watoto kwa ngazi, mmoja asome na wote wafuate. Wape kazi za kalasi. Waeleze jambo jipya kwa lugha wanayoifahamu. Na asubuhi, baada ya sala, tazama kiti kilicho kitupu, umtume mtoto mmoja aulize.

Nanyi wazazi, mtoto huyo akibisha hodi kwenu, msimfukuze. Mwambieni ukweli. Mwalimu anangoja kujua.