Kung'olea Singa

Katika mabanda ya farasi ya Uingereza, kazi ya kupunguza na kufupisha singa kabla ya maonyesho ina jina ambalo, neno kwa neno, ni "kuvuta". Farasi akishavutwa, yuko tayari kusukwa. Mfasiri akilileta jina hilo kama lilivyo, msomaji wa Mombasa au Morogoro atamwona mtu kashika manyoya ya shingo, anamburuta mnyama kwenda uwanjani. Mimi napendekeza kung'olea, na sababu yake imo katika kazi yenyewe.

Kwanza hiyo singa. Wengi husema manyoya ya shingo, na kwa simba inatosha. Ila Kiswahili kina neno singa, yaani nywele ndefu na laini za mnyama, za shingoni na za mkiani. Umoja wake ni usinga, na ndilo jina la kile kipungia nzi ambacho Jomo Kenyatta alizoea kukishika hadharani. Kwa farasi basi tuna singa za shingo, singa za mkia, na zile zinazoangukia usoni katikati ya masikio, ambazo naziita singa za paji.

Singa za shingo zikiachwa, hurefuka hadi chini ya mstari wa shingo, nene huku, nyembamba kule. Anayetaka kuzisuka kwa mtindo wa Kiingereza huzitaka ziwe na urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, na unene ulio sawa toka utosini hadi mabegani. Mkasi ungefupisha kwa dakika chache, lakini ungeacha ukingo butu, na unene ungebaki palepale. Kwa hiyo saisi hushika nywele chache zilizo ndefu kupita wenzake, za upande wa chini. Kwa kitana kidogo cha chuma huzirudisha juu zile fupi. Zilizobaki vidoleni huzizungusha kwenye meno ya kitana, kisha huzitoa kwa mkupuo mmoja mfupi, na mizizi yake. Kisha chache nyingine, pembeni kidogo. Za juu kabisa haziguswi, kwa kuwa zikiota upya husimama wima na kuharibu kila kitu. Kazi hufanywa baada ya mazoezi, mwili ukiwa bado na joto, kwani mafundi hushikilia kwamba wakati huo nywele hutoka kwa urahisi. Tena hugawanywa kwa siku kadhaa, ngozi ipate kupumzika.

(Hilo neno saisi lisikushangaze. Sisi tumelipata kwa Waarabu, Waingereza wakalizoea huko India, na katika mabanda ya farasi wa Kenya limewakuta wote wawili: mwenye farasi na mtunzaji wake hulitumia bila kuona kwamba ni la kigeni kwa yeyote.)

Sasa tuyapime maneno. Kukata ni kosa, maana chuma hakikati kitu hapa. Kunyonyoa kunakaribia, lakini anayenyonyoa kuku haachi unyoya, na farasi aliyenyonyolewa angetoka bandani na shingo tupu. Kupunguza ni sahihi, ila ni neno la adabu mno. Halisemi nywele zimetokaje. Kung'olea kunasema. Mkulima akikuta miche ya pamba imebanana shimoni, hung'olea: huchagua iliyozidi, huitoa na mizizi yake, na kuiacha mingine ijitanue. Saisi naye huchagua, hutoa mzizi, huacha. Hakuna kitenzi kingine cha Kiswahili ninachokijua kinachobeba mambo hayo matatu pamoja.

Na nina sababu ya kutaka mzizi utajwe. Wako farasi wanaosinzia wakati wa kung'olewa singa, na wako wanaorusha kichwa na kumsukuma mtu ukutani tangu kitana kinapowagusa. Kwa hawa wa pili, watunzaji wengi sasa hutumia kisu chenye meno kinachopunguza unene bila kung'oa. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, limekwisha kuingilia urembo wa namna hii: tangu tarehe 1 Julai 2021 farasi aliyenyolewa sharubu za kuhisia, zile za mdomoni na kuzunguka macho, haruhusiwi kushindana. Singa za shingo hazimo katika katazo hilo. Hata hivyo, mjadala wa maumivu ukifika kwetu, ni afadhali tuwe na jina lisiloficha kinachotendeka.

Kwenye kusuka hatuna cha kuazima. Msusi wa farasi hulowesha singa kwa maji, huzigawa mafungu yaliyo sawa kwa upana wa kitana, na husuka kila fungu kwa nyuzi tatu akikaza tangu mwanzo. Ncha hufungwa kwa uzi uliopakwa nta, wenye rangi ya singa. Kisha kwa sindano butu msuko hukunjwa chini yake, hukunjwa tena, na kushonwa hadi uwe fundo dogo gumu. Nywele zilizooshwa siku hiyohiyo huteleza vidoleni, kwa hiyo farasi huoshwa siku chache kabla. Na hilo msusi yeyote wa twende kilioni angeweza kumwambia saisi bila kuulizwa.

Singa huangushiwa kulia, kwa sababu mpandaji hupandia kushoto. Desturi ya Kiingereza hupenda misuko ya shingoni iwe witiri, 9 au 11 au 13, na ule wa paji ukiongezwa jumla inakuwa shufwa. Zaidi ya desturi, hesabu hiyo ina hila ndani yake. Shingo fupi hupewa misuko mingi midogo ionekane ndefu, na shingo ndefu mno hupewa michache. Mafundo yakiketishwa juu ya ukingo, shingo dhaifu huonekana imejaa. Yakishushwa kidogo, shingo nene hupungua machoni pa mwamuzi. Huko Marekani, farasi wa kuruka wanaoamuliwa kwa umbo na mwendo wao husukwa misuko bapa 30 na zaidi, kwa uzi wa sufu, na wasusi wa kulipwa hukesha juu ya ngazi ili wamalize kabla ya mapambazuko. Wahispania wenye farasi wa singa ndefu hutumia msuko mmoja unaofuata ukingo wa shingo huku ukiokota nywele njiani. Mtindo huo hauhitaji maelezo Dar es Salaam.

Kunyoa ni jambo la tatu, na hapa neno letu la kawaida linatosha. Farasi wa polo, Gilgil au Argentina, hunyolewa singa zote ili zisinase kwenye hatamu na fimbo ya mpandaji. Wanorwe wana farasi wao wa Fjord, ambaye singa zake zina mstari mweusi katikati na nyeupe pembeni: huzikata zisimame kama upinde, nyeupe wakizifupisha kidogo, ule mweusi uchomoze. Kuziita hizo zimenyolewa ni kuwaonea, tuseme zimechongwa.

Wengine hawaguswi. Farasi wa Kiarabu katika maonyesho ya aina yao, Muscat au kwingineko, huingia uwanjani na singa zao ndefu zikipepea, na farasi wadogo wa asili ya Uingereza, kama wale wa Exmoor na Shetland, vivyo hivyo. Mwamuzi anataka kuona kile walichozaliwa nacho, na aliyeng'olea singa za farasi wa namna hiyo atasubiri miezi mingi ziote.

Maonyesho yakiisha, misuko hufumuliwa siku hiyohiyo, uzi ukikatwa mmoja mmoja kwa uangalifu. Ikilala, hukaza na kuwasha. Farasi hujisugua ukutani, nywele hukatika mahali palepale pa fundo, na asubuhi saisi hukuta mapengo ambayo hayafichwi na sindano wala uzi.