KARANGA ZA KONGWA

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuwasimulieni habari ya Kongwa, katika nchi ya Ugogo. Ni desturi ya wanadamu, jambo likiharibika, kumtafuta mmoja wa kulaumiwa: huyu huishutumu serikali, huyu mashine, na yule wafanya kazi. Kongwa yatuonyesha kuwa mara nyingi hao wote huwa wameshirikiana.

Vita kuu vya pili vilipokwisha mwaka 1945, watu wa Uingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, nayo yakigawiwa kwa kipimo. Mwaka 1946 wajumbe watatu, wakiongozwa na Bwana John Wakefield, walitumwa Afrika. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na shauri la kulima karanga katika eka zaidi ya 3,000,000, nyingi katika Tanganyika. Wakuu wakakubali, maana raia walitaka mafuta, tena upesi.

Ndipo mashine zikaletwa. Matrekta yaliyochoshwa na vita yalinunuliwa hata visiwa vya Filipino, na vifaru vikageuzwa vikawa matrekta. Lakini chuma hakiijui nchi. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe, na udongo wa Kongwa, ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali, ukayala makali yake. Katika mwaka 1947 zilikusudiwa eka 150,000. Zilizosafishwa hazikufika hata sehemu moja ya kumi.

Na mvua je? Wagogo tangu kale hupanda mtama na uwele, nafaka zistahimilizo ukame, nao waliionja njaa ya Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920. Elimu hiyo ilikuwa wazi katika kila shamba lao, walakini katika hesabu za London haikupewa mahali. Wala halikutangulizwa shamba dogo la kujaribia, kwa kuwa kungoja kulihesabiwa kuwa ni hasara.

Mwezi wa Januari 1951 kazi iliachwa, na pauni zipatazo 36,000,000 zilikuwa zimepotea. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ndiyo iliyobaki kuwafaa watu.

Basi twaamua nini? Siasa ilileta haraka. Mashine zikaipa haraka hiyo nguvu. Lakini haraka wala mashine hazitii sahihi. Sahihi hutiwa na mkono wa mtu. Kila karatasi ilipita mbele ya mtu aliyeweza kuuliza, “Je, udongo umepimwa? Mwenyeji ameulizwa?” Kuuliza si ujinga. Nasi, kila mmoja katika kazi yake, siku moja tutaletewa karatasi ya namna hiyo. Na tukinyamaza, hatutakuwa na haki ya kuilaumu serikali wala trekta.