Mbegu 4 za Kuweka Homoni Sawa: Zinavyoliwa Kufuata Hedhi, na Ukweli Kuhusu Kazi Yake

Kama uko kwenye magrupu ya wanawake ya WhatsApp, bila shaka umeshakutana na tangazo hili: pakiti mbili za mbegu zilizosagwa, moja ya wiki mbili za mwanzo, nyingine ya wiki mbili za mwisho. Ahadi ni kwamba ukizila kwa mpangilio, homoni zitakaa sawa, hedhi itarudi kwenye tarehe zake, maumivu yatapungua na mimba itashika.

Je, ni kweli? Jibu fupi ni hili: mbegu zenyewe ni chakula kizuri sana. Kalenda ya kuzila ndiyo haina ushahidi wa kutosha. Na kuna matatizo ya hedhi ambayo ukiyatibu kwa mbegu tu, unajichelewesha mwenyewe.

Twende hatua kwa hatua.

Kwanza, mzunguko wako unavyokwenda

Siku ya 1 ya mzunguko ni siku damu inapoanza kutoka vizuri, si yale matone ya kuashiria. Unahesabu mpaka siku moja kabla ya damu ya mwezi unaofuata.

Wengi hutaja siku 28, lakini hiyo ni wastani tu. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa siku 21 mpaka 35 huchukuliwa kuwa wa kawaida.

Nusu ya kwanza, homoni ya estrojeni hupanda huku yai likikomaa. Yai likishatoka, projesteroni inashika usukani na kuandaa mji wa mimba. Mimba isipotunga, homoni zote mbili hushuka na hedhi huanza.

Utaratibu wa mbegu ukoje?

Mtandaoni utaukuta kwa jina la seed cycling. Umegawanywa hivi:

Siku ya 1 mpaka ya 14: kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani na kijiko kimoja cha mbegu za maboga, kila siku.

Siku ya 15 mpaka hedhi inayofuata: kijiko kimoja cha ufuta na kijiko kimoja cha mbegu za alizeti, kila siku.

Wanaoufuata huambiwa wavumilie angalau miezi mitatu kabla ya kuona mabadiliko. Wasiopata hedhi kabisa huambiwa wafuate mwezi wa angani: mwezi mwandamo ndiyo siku ya 1.

Kuna nini ndani ya mbegu hizi?

Kitani: zina nyuzinyuzi, mafuta ya omega-3 ya mimea, na lignani kwa wingi. Lignani ni viini vya mmea ambavyo bakteria wa utumbo huvigeuza kuwa kitu kinachofanana kidogo na estrojeni, ila nguvu yake ni ndogo sana. Hapo ndipo hoja ya homoni inapoanzia. Kitani si chia, usizichanganye. Mbegu ya kitani ni bapa, inang'aa, ya kahawia au ya dhahabu.

Maboga: zina zinki, magnesia na madini ya chuma. Gramu 28, ambazo ni kama kiganja kimoja, zina takriban miligramu 2 za zinki. Mwanamke mzima anahitaji miligramu 8 kwa siku.

Ufuta, ambao Kenya wengi wanauita simsim: nao una lignani, pia chuma na kalsiamu, hasa ukiliwa na maganda yake.

Alizeti: ina vitamini E na seleniamu.

Ukiangalia vizuri utaona jambo. Kitani na ufuta zote zina lignani, lakini kalenda inaziweka pande tofauti za mwezi, moja ikisemekana inasaidia estrojeni na nyingine projesteroni. Mwili hauna swichi ya kutambua kwamba leo ni zamu ya ufuta.

Utafiti umesema nini?

Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa wanawake 18 wenye hedhi ya kawaida. Walikula gramu 10 za unga wa kitani kila siku kwa mizunguko mitatu, kisha wakalinganishwa na mizunguko yao wakiwa hawali kitani. Kipindi kati ya yai kutoka na hedhi kuanza kiliongezeka kwa siku moja na kidogo, na mizunguko isiyotoa yai ilipungua.

Ni matokeo ya kuvutia, lakini walikuwa wanawake 18 tu. Pia walikula kitani mwezi mzima, si nusu ya mwezi.

Ufuta nao umejaribiwa kwa wanawake 24 waliokwishakoma hedhi, wakila gramu 50 kwa siku kwa wiki tano. Kolesteroli ilishuka na baadhi ya vipimo vya homoni vilibadilika. Gramu 50 ni kama vijiko vitano au sita vya chakula, mbali sana na kijiko kimoja cha kalenda.

Kwa hiyo mbegu zinaweza kugusa homoni kidogo. Ila kwamba kuzibadilisha siku ya 15 ndiko kunakoleta tofauti, hilo halijathibitishwa.

Kalenda inapogonga mwamba

Kama mzunguko wako ni wa siku 35, yai lako huenda linatoka karibu na siku ya 21. Ukibadilisha mbegu siku ya 15, umebadilisha wiki nzima kabla ya wakati.

Kama unatumia sindano, vijiti au vidonge vya uzazi wa mpango, homoni zinazotawala ni zile za dawa. Hakuna nusu ya kwanza wala ya pili ya kufuatisha.

Na kama hupati hedhi kabisa, mwezi wa angani hautakuambia sababu. Kipimo ndicho kitakachokuambia.

Kwa hiyo usile? Hapana, kula!

Usijinyime. Kula mbegu yoyote kati ya hizi siku yoyote, kijiko kimoja au viwili. Huhitaji pakiti ya bei mbaya yenye jina la homoni, karibu zote unazipata sokoni.

Ufuta: nunua mbichi, upepete, uoshe, ukaange kidogo bila mafuta mpaka unukie. Nyunyiza kwenye wali, kachumbari au mboga. Kashata za ufuta ni tamu, lakini kumbuka zina sukari nyingi.

Maboga: boga likipikwa nyumbani usitupe mbegu. Zioshe, zianike, zikaange. Ukizitwanga na kuzitia kwenye mchicha au kisamvu badala ya karanga, hapo umemaliza kazi.

Alizeti: tafuta za kula, zilizomenywa. Usinunue mbegu za kupanda kutoka duka la pembejeo hata zikiwa nafuu. Nyingi zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, mara nyingi zina rangi ya waridi, kijani au bluu. Hiyo ni sumu.

Kitani: hupatikana zaidi supamaketi na maduka ya vyakula vya asili. Lazima zisagwe, maana zikimezwa nzima nyingi hupita na kutoka kama zilivyoingia. Saga za siku chache tu, hifadhi kwenye chombo kilichofungwa vizuri, ikiwezekana kwenye friji, kwa sababu unga wake huchacha haraka. Koroga kwenye uji au mtindi.

Kunywa maji ya kutosha, kwani nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukufunga choo badala ya kukufungulia.

Nani awe mwangalifu

Mwenye mzio wa ufuta asiuguse kabisa. Mzio huu unaweza kubana pumzi.

Mjamzito asile kitani kwa wingi bila kuongea na mkunga au daktari.

Anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au aliyewahi kupata saratani ya matiti, amuulize daktari wake kabla ya kuanza kitani kila siku.

Kama unakunywa dawa yoyote, usiimeze pamoja na kitani. Acha saa moja au mbili zipite, maana nyuzinyuzi zake zinaweza kupunguza dawa inayoingia mwilini.

Hapa usisubiri mbegu, nenda hospitali

Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. "Mvurugiko wa homoni" limekuwa jina la kila kitu, lakini nyuma yake panaweza kuwa na uvimbe kwenye kizazi, PCOS, shida ya tezi ya shingo, maambukizi, au mimba ambayo hukuitegemea. Kila kimoja kina tiba yake.

Nenda ukaonekane kama:

- Unajaza pedi moja kila saa kwa saa kadhaa mfululizo. Hii ni dharura, nenda siku hiyo hiyo.
- Hedhi inazidi siku 7, au unatoka mabonge makubwa ya damu.
- Umekosa hedhi miezi mitatu na huna mimba.
- Unatoka damu katikati ya mwezi, au baada ya tendo la ndoa.
- Umeshakoma hedhi, halafu damu inarudi, hata kidogo.
- Maumivu yanakulaza kitandani au yanakuzuia kwenda kazini au shule.
- Binti ana miaka 15 na hajavunja ungo.
- Unachoka sana, moyo unaenda mbio, unaona kizunguzungu. Huenda damu imepungua.

Hilo la mwisho si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Mtu anayemwaga damu nyingi kila mwezi hawezi kuirudisha kwa kijiko cha mbegu za maboga. Anahitaji kujua kwa nini inatoka, na pengine vidonge vya madini ya chuma.

Ukifika, usishangae ukiulizwa kipimo cha mimba kwanza. Kinachofuata kwa kawaida ni wingi wa damu, kipimo cha homoni ikibidi, na picha ya utrasaundi.

Fanya hivi kuanzia leo

Andika tarehe ya siku ya 1 ya hedhi, imechukua siku ngapi na umetumia pedi ngapi kwa siku. Fanya hivyo kwa miezi mitatu, kwenye simu au daftari. Ila kama una dalili yoyote kati ya zile za juu, nenda sasa, utaandika baadaye.

Karatasi hiyo itamsaidia daktari zaidi ya maelezo ya "zinavurugika tu". Na wewe mwenyewe utaona kama kuna kilichobadilika kweli, au ni maneno ya muuzaji.

Mbegu weka kwenye uji. Tarehe weka kwenye daftari. Na damu isiyoeleweka ipeleke kwa daktari.