Wapiga Picha wa Pwani: Tarehe ya Mwanga, Kivuli na Chumba cha Giza

Mwaka 1860 James Augustus Grant, ofisa wa jeshi kutoka Uskoti, alishuka Unguja pamoja na John Hanning Speke wakijiandaa kwenda kutafuta chimbuko la mto Nile. Alikuja na kamera, akapiga picha za mji, likiwemo soko la watumwa. Safari ilipoingia bara, kamera ikawekwa kando na Grant akarudi kwenye kuchora. Kazi ya kusafisha picha ndani ya hema la giza, katika joto lile, ilimshinda. Picha zake chache ni miongoni mwa za kale kabisa zilizopigwa pwani hii.

Si ajabu alishindwa. Enzi hizo kioo kilipakwa kolodioni, kikachovywa katika maji ya nitrati ya fedha, kikaingizwa kwenye kamera kingali kibichi na kusafishwa kabla hakijakauka. Mpiga picha alikuwa na dakika kama 10 tu mkononi, na jua la Unguja humaliza dakika hizo upesi. Nitrati ilimwachia vidole vyeusi visivyotakata kwa sabuni.

Walioufanya ufundi huu kuwa biashara ya mjini ni Wagoa. A. C. Gomes alifungua studio Unguja katika nusu ya pili ya karne ya 19, na baada yake yakaja majina kama Coutinho na Pereira de Lord, ambayo mpaka leo yanasomeka kwenye postikadi za zamani za Zanzibar. Vioo vikavu vilipoenea, kuanzia mwisho wa miaka ya 1870, pumzi ikarudi: fundi aliweza kupiga picha asubuhi na kuisafisha usiku. Hapo ndipo mkono ulipopata nafasi ya kujifunza mambo mengine.

Jambo la kwanza lilikuwa penseli. Watu wengi hudhani kurekebisha uso kwenye picha ni jambo la kompyuta, lakini mafundi wa vioo walilifanya tangu zamani, na kwa ustadi wa kutisha. Negativu iliwekwa juu ya kioo chenye mwanga kutoka chini. Katika negativu kila kitu kimegeuka: chunusi au kunyanzi, vilivyo vyeusi usoni, huonekana kama vidoa vya uwazi. Fundi alipaka vanishi nyembamba ili penseli ishike, akachonga ncha iwe kama ya sindano, kisha akakijaza kile kidoa kwa vijistari vidogo sana, kimoja baada ya kimoja. Vikizidi, picha ikichapwa mahali hapo hutoka doa jeupe. Vikipungua, chunusi iko palepale. Palipohitaji giza zaidi alikwangua kwa wembe. Mwanagenzi asiye na subira hakukabidhiwa kioo cha mteja.

Ranchhod Oza alipita katika unagenzi wa namna hiyo. Aliujifunza ufundi kwa Gomes katika miaka ya 1920, na mwaka 1930 akafungua studio yake mwenyewe, Capital Art Studio, katika Mji Mkongwe. Alipiga picha za familia ya sultani na za watu wa kawaida, harusi na mitaa, majahazi na sherehe. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliuondoa usultani, lakini studio ilibaki. Mwanawe, Rohit, aliendelea na kazi, na duka la Barabara ya Kenyatta likawa mahali ambapo mtu wa Unguja angeweza kuingia akaiona sura ya mji wake wa miaka mingi nyuma.

Ukiziangalia kwa makini picha za studio za kizazi kile, utaona walichopambana nacho. Mteja amevaa kanzu nyeupe pepe na kofia nyeupe, na uso wake ni wa rangi ya kahawia iliyokolea. Filamu za zamani hazikuhisi rangi nyekundu, kwa hiyo ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, huku kanzu ikiungua na kuwa kipande cheupe kisicho na mikunjo. Fundi mzuri alipimia uso. Alimgeuza mteja kidogo, akaleta mwanga kutoka upande ili shavu moja liwe na kivuli laini, kisha akaiokoa kanzu kwenye chumba cha giza: wakati wa kuchapa, aliukinga uso kwa mkono ili usizidi kuwa mweusi, akaiachia kanzu mwanga kwa sekunde kadhaa za ziada mpaka mikunjo ijitokeze. Filamu zinazohisi rangi zote zilipofika, ngozi ikaanza kutoka kwa haki yake, ila kulikuwa na gharama. Ile taa nyekundu iliyokuwa ikimulika chumba cha giza sasa ingeiharibu filamu, na fundi alilazimika kuisafisha gizani kabisa, kwa kupapasa na kuhesabu.

Halafu joto. Dawa za kusafishia hutaka nyuzi joto 20 hivi, na maji ya bomba pwani hayashuki hapo. Maji yakiwa na joto mno, jelatini hulainika na kuanza kubanduka pembeni, na picha huenda nayo. Dawa yake ilikuwa barafu, kazi za usiku wa manane, na shabu ya kromu iliyoikaza jelatini.

Lamu ilimtoa mtu wa aina nyingine. Omar Said Bakor alijifundisha mwenyewe, na Bakor Studio yake ikawa mahali ambapo kamera ilikuwa mwanzo tu wa kazi. Alikata, akaunganisha, akachapa picha juu ya picha, hata uso wa mteja ukatokea ndani ya ua. Kazi kama hiyo hufanywa kwa vipande vya karatasi vilivyokatwa: sehemu moja ya karatasi ya picha inafunikwa, nyingine inapewa mwanga, kisha zinabadilishana bila kupishana hata unywele. Mtaalamu wa Kijerumani Heike Behrend ameandika kwa kina juu yake, na ndivyo inavyostahili. Bakor ni mmoja wa wasanii wakubwa wa picha waliotoka Afrika Mashariki, na si haki kwamba watu wengi wa Mombasa na Dar es Salaam hawajawahi kulisikia jina lake.

Upande wa wanawake una tarehe yake. Katika harusi za pwani, ukumbi wa wanawake haukuwa mahali pa mpiga picha mwanamume, na picha za huko hazitundikwi dukani. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na wanawake wenye kamera zao, wanaojua kumulika hina na dhahabu bila kumuunguza bibi harusi uso, na wanaojua pia kwamba faili hizo hukabidhiwa kwa wenyewe tu.

Karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1980 na 1990, ufundi ulihamia kwenye vibanda vya mbao. Wapiga picha, wengi wao waliotoka bara, walimpa mteja ulimwengu nyuma ya mgongo: meli, ndege, majengo marefu. Agosti 1997 machafuko yalizuka hapohapo Likoni, na watu wa bara, kama wengi wa wapiga picha hao, ndio waliolengwa.

Kisha kompyuta. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na kijana anayeitumia leo Kariakoo hukuta ndani yake alama ya mkono uliokunjwa kidogo. Ni kifaa cha kuongeza giza, na mkono ule ni wa fundi wa chumba cha giza, aliyeuelekeza mwanga kwenye kanzu kwa kuupitisha katikati ya vidole.

Lakini picha za zamani zenyewe ziko hatarini, kwa kuwa filamu za asetati hazipatani na unyevu wa pwani. Zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, hujikunja, na moja huambukiza zilizo jirani. Katika stoo za studio zilizofungwa, Unguja, Lamu na Mombasa, zimo sura za watu ambao wajukuu wao wangali hai na wanaweza kuwataja kwa majina. Makumbusho na vyuo vya pwani vinahitaji kuzitoa huko sasa, kuziweka mahali pakavu penye baridi, kuziskani, na kukaa na wazee waandike nyuma ya kila moja: huyu ni nani, mtoto wa nani, mwaka gani.