Gari la Mawindoni: Breki Isiyosimamisha Kitu

Mfasiri akikutana na jina la Kiingereza "shooting brake" katika habari ya magari ya kale, kamusi itampa vipande viwili vilivyo tayari: kupiga risasi, na breki. Akiviunganisha atapata breki ya kupigia risasi, kitu ambacho hakipo duniani. Na picha iliyo pembeni ya habari hiyo inaonyesha jambo jingine kabisa: Rolls-Royce ya miaka ya 1930, boneti ndefu, taa kubwa za mviringo, na kuanzia kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma gari zima ni mbao iliyopakwa vanishi.

Tuanze na neno la pili, maana ndilo linalopoteza watu. Katika karne ya 19 breki hiyo ilikuwa gari zito la kukokotwa na farasi. Wafunza farasi walilitumia kuwazoesha wanyama wachanga kuvuta. Baadaye likawekewa mabenchi marefu, watu wakakaa wakitazamana, na nafasi ikapatikana ya mbwa, bunduki na ndege waliowindwa. Mabwana wa Uingereza na wageni wao walilipanda kwenda mawindoni. Injini ilipochukua nafasi ya farasi, jina lilibaki. Wafaransa nao walilichukua, na mpaka leo wanalitumia kwa stesheni wagoni yoyote. Zile Peugeot 504 zilizobeba abiria wa masafa marefu nchini Kenya, huko kwao ziliitwa breki.

Je, gari la kifahari kama Rolls-Royce liliingiaje humo? Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni hiyo iliuza chasisi na injini tu. Mnunuzi aliipeleka chasisi yake kwa waunda bodi, kama Hooper au Barker, akaagiza umbo alitakalo. Kwa hiyo bodi ilikuwa kama kanzu: ingeweza kuvuliwa, mwili ukabaki mzima. Vita vilipokuja, petroli ikaanza kutolewa kwa mgao mwaka 1939, na mgao huo haukuondolewa hadi 1950. Magari makubwa ya anasa yakakosa wa kuyataka. Lakini bodi ya mbao yenye nafasi ya mizigo ilihesabiwa upande wa magari ya kazi, ambayo hayakubanwa sana na kodi na mgao. Ndipo chasisi nyingi za Rolls-Royce na Bentley, zenye umri mkubwa lakini nguvu tele, zilipovuliwa bodi za zamani na kuundiwa za mbao.

Mbao yenyewe ni ya eshi, mti wa Ulaya ambao hupinda bila kukatika. Mipini mizuri ya nyundo na shoka hutengenezwa kwayo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata zile bodi za fahari zilizovuliwa zilikuwa na mifupa ya eshi ndani, zikafunikwa kwa mabati ya alumini na kupakwa rangi. Waundaji wa bodi mpya waliiacha mifupa ya eshi nje ionekane, wakajaza nafasi kati yake kwa mbao nyembamba za rangi nyingine. Ukilitazama gari hilo kwa karibu utaona kila kiungo: ulimi wa ubao mmoja umezama ndani ya tundu la mwingine, na maji ya mvua yakipata upenyo hapo, kuoza huanza. Morris Minor Traveller, gari la watu wa kawaida lililotengenezwa kuanzia 1953 hadi 1971, lilifuata mtindo huohuo wa kuacha mbao nje. Kule Uingereza likienda kukaguliwa na mbao zake zikakutwa zimeoza, halipiti, kwa sababu mbao hizo si pambo. Ndizo zinazobeba bodi.

Hapa Kiswahili hakina upungufu hata kidogo. Kitenzi "kuunda" ni cha waunda vyombo vya baharini tangu kale. Kutoka humo tukapata "kiunzi". Mbavu za jahazi tunaziita mataruma, na mbavu za gari hili zinafanya kazi ileile. Gereji za leo nazo zinasema kuunda bodi na fundi bodi. Na mtu aliyepanda gari la abiria la mbao kule Unguja, au yale magari ya abiria ya Dar es Salaam ya zamani yaliyoitwa chai maharage, magoti yake yakigusana na ya abiria wa mbele yake, hahitaji kuelezwa mabenchi ya kutazamana yakoje.

Kinachobaki ni jina. Kuna wanaopendekeza "gari la mbao". Halitoshi, kwa sababu mbao haikuwa sharti. Miaka ya 1960 Harold Radford aliunda breki chache za aina hii juu ya Aston Martin DB5, bodi zote za alumini, na hakuna aliyezinyima jina hilo. Wengine watasema "gari la kuwindia", lakini kwetu hilo ni gari wanaloingia nalo porini kufuata wanyama. Gari la Waingereza liliwafikisha watu uwandani, wakashuka, wakawinda kwa miguu.

Tazameni jinsi wenzetu walivyoyapa majina magari ya familia hii. Wamarekani walitaja stesheni ya reli, ambako gari lilikwenda kupokea wageni na mizigo yao. Waingereza, kwa aina ya kawaida, walitaja mashamba makubwa ya makabaila. Wote walitaja mahali gari linakokwenda. Kiswahili kinalifanya hilo kwa herufi mbili tu, "ni" ya mahali: nguo za shambani, viatu vya nyumbani. Basi hili ni gari la mawindoni.

Nawaomba wafasiri na watunga kamusi walipokee hivyo. Stesheni wagoni ibaki kwa umbo la jumla, kama wasemaji walivyokwisha kuamua. Gari la mawindoni liwe la aina hii. Na ile Rolls-Royce ya pichani iitwe kwa ukamilifu wake: gari la mawindoni lenye bodi ya mbao.