Meko Yetu na Miezi ya Baridi

  Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya baridi, hasa kule juu Mbooni na Kilungu. Huu ni wakati kuni na makaa huisha upesi, na mtoto hushinda karibu na moto. Leo tutaangalia meko yetu yalikotoka, ili ujue ni shida gani yametutatulia na ni ipi bado inakungoja wewe.

Tuanze na mafiga matatu. Hayanunuliwi, yanabeba chungu cha ukubwa wowote, na ndiyo yaliyowapikia nyanya zetu isyo na muthokoi. Kasoro yake waijua: moto uko wazi pande zote, upepo huchukua joto, kuni huliwa nyingi na moshi hubaki ndani.

Kisha likaja jiko la makaa la bati. Husimuliwa kwamba lililetwa na Wahindi waliojenga reli, ile iliyopita Kibwezi na Makindu kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899. Lilipunguza moshi, lakini bati hupoteza joto jingi, na makaa yakawa yanaisha kabla maharagwe hayajaiva.

Mwaka 1973 mafuta yalipanda bei duniani, na watu wengi wa mijini wakabaki kutegemea makaa. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati jijini Nairobi. Katika miaka hiyo wataalamu, akiwemo Maxwell Kinyanjui, pamoja na shirika la KENGO, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulirekebisha wakishirikiana na mafundi wa jua kali. Likazaliwa jiko la kauri tunalolijua: bati nje, udongo uliochomwa ndani, na kiuno katikati. Likitunzwa, hupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi. Kwa wanaotumia kuni, Maendeleo ya Wanawake pamoja na Wizara ya Nishati na Wajerumani wa GTZ walieneza jiko la udongo linalojengewa jikoni, linaloitwa jiko la Maendeleo.

Hapa kwetu kuokoa makaa si jambo dogo. Miti ya Kitui imechomwa miaka mingi kulisha miji. Mwanzoni mwa 2018 serikali ya kaunti, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya Kitui.

Sasa mama, sikiliza kwa makini. Meko haya yalitengenezwa hasa ili kuokoa kuni na makaa. Hewa ya chumba ni shida nyingine. Watafiti Ezzati na Kammen walifuatilia familia 55 huko Laikipia, na mwaka 2001 wakaeleza kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi, ndivyo anavyougua zaidi magonjwa ya kifua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Makaa nayo hudanganya kwa kukosa moshi. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kuikimbia. Jiko la kauri hutoa sumu hiyo pia. Kwa hiyo usilale na jiko chumbani, hata kama makaa yamefunikwa na majivu. Mtoto apashwe joto kwa nguo, kofia, soksi, blanketi na kifua cha mama.

Kuokoa moto kuanzie hapa:

- Loweka maharagwe, mbaazi na mahindi usiku kucha.
- Anika kuni na kuziweka pakavu kabla ya baridi kuanza. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi.
- Funika sufuria. Chakula kikichemka, punguza moto.
- Tumia kikapu cha kuhifadhi joto: kapu lililojazwa matambara au majani makavu. Wali uliochemka vizuri huivia humo bila moto.
- Washa jiko nje. Unapopika, acha dirisha na mlango wazi, na mtoto akae mbali.
- Jiko likipasuka udongo wa ndani, libadilishe.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo. Usingoje kupambazuke.

Wazee wetu walipambana na uhaba wa kuni, na mafundi wakatupunguzia mzigo. Kufungua dirisha ni kazi yako mama, na haina gharama.